Marehemu Bado Anakatwa

Kwa ambaye hakunisoma juma lililopita, nitampa kwa ufupi, maana kilio changu ni kirefu na ukurasa una mwisho.

Mume wangu alikuwa fundi wa mafriji. Watu walimwita Fundi Baridi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alianguka karakanani bisibisi ikiwa mkononi. Hospitali wakatuambia ni moyo. Tukazika, watu wakatawanyika, nami nikabaki na watoto wawili, cherehani yangu ya kushonea mapazia, na akaunti ya benki tuliyoifungua pamoja, yeye na mimi. Humo mna ada ya watoto, mna rambirambi, mna chakula chetu.

Halafu akaunti ikaanza kuvuja.

Kila mwezi ujumbe unaingia kwenye simu yangu: kadi ya marehemu imelipa. Imemlipa nani? Herufi tupu zisizosomeka, kama namba ya gari. Nikaenda benki. Dada wa dirishani akapekuapekua, akaniambia ni mambo ya mtandaoni. Kuna siku mume wangu alikuta mahali pameandikwa "Jaribu bure", akaingiza namba za kadi. Bure ilipokwisha, wakaanza kukata. Mwenyewe yuko kaburini, wao wanakata.

Nikasema, basi ifungeni hiyo kadi, mwenyewe amefariki. Dada wa watu akainamia dirisha, akaninong'oneza: "Mama, hilo neno mimi sijalisikia. Ukilisema rasmi hapa, mfumo unafunga akaunti nzima mpaka ulete karatasi za mirathi."

Karatasi za mirathi zinataka sahihi ya shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Na shemeji siku hizo hata salamu yangu alikuwa anaipokea kwa ncha ya ulimi.

Mtaniuliza kwa nini nisizitoe pesa zote nikazificha chini ya godoro. Kikao cha ukoo kilikata shauri: nitoe ya chakula na ya shule tu, nyingine isiguswe hadi mirathi. Ningeifagia akaunti siku moja, ningeitwa mwizi mchana kweupe.

Hapo ndipo nilipowaacha. Haya yaliyofuata sijamsimulia mtu mpaka leo.

Jumapili shemeji alikuja, mama mkwe nyuma yake. Hakukaa. Mama mkwe ndiye aliyekaa, kwenye kiti cha karibu na mlango, kama mtu asiyetaka kukaa sana.

"Shemeji, ile taarifa ya benki," akasema yeye, amesimama.

Nikampa. Akapitisha kidole taratibu, mstari kwa mstari. Kidole kikasimama.

"Hii nini?"

"Ndiyo hiyo niliyokwambia. Sijui ni nini."

"Pesa inatoka kila mwezi na hujui."

"Ni kadi ya kaka yako."

"Kaka yangu anatumia kadi huko aliko?"

Nikamsogezea kiti. Akakisukuma pembeni.

"Na mwezi huu imekatwa mara mbili ya ile ya kawaida," akaendelea. "Au marehemu naye kapandishiwa bei ya vitu?"

Hilo nilikuwa nimeliona, na lilikuwa limeninyima usingizi. Pesa ileile kila mwezi naweza kuielewa. Mashine haina huruma, imeambiwa kata, inakata. Lakini kuongezeka? Mashine haiongezi yenyewe. Kuna mkono wa mtu.

"Shemeji," nikasema, "nipe simu ya marehemu. Nikiwa nayo, mambo haya nayamaliza. Wewe ndiye uliyepokea vitu vyake hospitali."

Akaangalia mlangoni. "Simu ilipotea siku ileile. Mara ngapi nikwambie?"

"Sikulaumu. Nauliza tu."

"Jumamosi ukoo unakaa. Uje na jibu la hizi pesa. Kama huna jibu, uje na funguo za karakana. Tutaangalia sisi namna ya kuwalea watoto wa kaka yetu."

Watoto wa kaka yetu. Mimi nimewazaa, lakini siku hiyo niligeuka mpangaji katika nyumba yangu.

Mama mkwe aliinuka. Alipofika nje alisimama kidogo, akayashika mapazia niliyokuwa nimeyaanika, akayapapasa mshono. Kisha akamfuata mwanawe.

Mimi nikasema, liwalo na liwe, kampuni hiyo nitaitafuta mwenyewe.

Dada wa benki alikuwa amenipa anwani ya mtandaoni. Nikaifungua. Ilikuwa ya kampuni inayokusanya malipo ya watu wengine, huduma chungu nzima, hata haisemi ni huduma gani. Inakwambia tu: ingiza namba ya simu iliyosajiliwa. Nikaingiza namba ya mume wangu. Ikaniambia: tumetuma tarakimu za siri kwenye simu hiyo, zisome uziandike hapa.

Simu gani?

Chini kabisa pembeni kulikuwa na kidirisha: "Una swali? Msaidizi wetu yupo." Nikashukuru Mungu, nikaandika.

"Nataka kusitisha huduma."

Likaja jibu kabla sijavuta pumzi. "Tunasikitika kusikia unataka kutuacha. Je, ungependa mwezi mmoja kwa nusu bei?"

"Sitaki. Mwenye akaunti amefariki."

"Asante kwa taarifa. Je, mwenye akaunti yuko karibu ili athibitishe?"

"Hayupo karibu."

"Hakuna shida. Tutamsubiri."

Nilicheka. Binti yangu mkubwa akatoka chumbani na kitabu mkononi, huu ni mwaka wake wa mtihani, akaniuliza kuna nini cha kuchekesha. Nikamwambia hakuna, rudi ukasome. Akanitazama kwa muda, akarudi. Tangu baba yao afe, watoto hawa wamejifunza kunitazama hivyo, kama mtu anayekagua ukuta wenye ufa.

Kesho yake nikaenda ofisi ya kampuni ya simu. Nilichukua tikiti, nikakaa kwenye kiti cha plastiki hadi nikaitwa. Kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu zake, siwezi kumsingizia.

"Nataka kurudisha laini iliyopotea."

"Mwenye laini ni wewe?"

"Ni ya mume wangu."

"Aje mwenyewe, mama."

"Amefariki."

"Pole sana. Basi aje na kitambulisho chake."

Tukatazamana. Yeye mwenyewe akasikia alichokisema, akashika paji la uso.

"Samahani, mama. Tumezoea kusema hivyo." Akabonyezabonyeza kompyuta yake. "Kwa marehemu anatakiwa ndugu wa damu. Mzazi, au waliozaliwa pamoja. Awe na cheti cha kifo."

"Mke je?"

"Mke tunataka barua ya mirathi."

Mirathi tena. Kila mlango ninaobisha unafunguliwa na shemeji yangu.

Labda mzazi. Na mzazi aliyebaki ni mmoja.

Nawaambia ukweli, njiani kwenda kwa mama mkwe nilirudi nyuma mara mbili. Nilijua amekuja kwangu Jumapili kushuhudia nikivuliwa nguo. Ningemwombaje? Nilimkuta ukumbini peke yake anachambua mchele. Nikakaa chini, nikachukua sinia jingine, nikaanza kuchambua naye.

"Sema," akasema bila kuniangalia.

Nikasema. Yote, tangu benki hadi yule msaidizi wa kumsubiri marehemu.

Akapuliza makapi. Kisha akasema, "Mwanangu alipokuwa hai, ulikuwa unakuja kuniomba hata chumvi. Alipokufa ukaacha kuniomba. Nikasema moyoni, huyu kanizika pamoja na mumewe."

"Mama, niliogopa."

"Unaniogopa mimi au unamwogopa huyu mwanangu mdogo?"

"Mwanao."

"Basi hata mimi siku hizi namwogopa. Hali vizuri, halali, ukimsemesha anawaka. Nadhani ni uchungu wa kaka yake." Akakung'uta mikono. "Ngoja nivae viatu."

Wasomaji wangu, mimi nilikwenda kwa adui nikarudi na mama. Nilidhani shida imekwisha. Masikini, sikujua ndiyo kwanza inavua koti.

Ofisini yule kijana alifurahi kutuona. Cheti cha kifo, sawa. Kitambulisho cha mama, sawa. "Weka kidole hapa, bibi."

Akaweka. Mashine ikalia, ikakataa.

Akaweka kingine. Ikakataa.

"Vidole vyake havisomeki," akasema kijana. "Alama zimefutika."

"Zimefutika kwa kufua," akasema mama mkwe. "Nilifua nguo za watu hadi wanangu wakamaliza shule. Kama mnataka alama, kawaulizeni waliozivaa."

Watu kwenye foleni wakacheka, lakini mashine haikucheka. Tulijaribu mkono wa kulia, tukajaribu wa kushoto. Kijana akatoa kitambaa, akamfuta vidole kimoja kimoja kama anayefuta vijiko. Nami nimesimama pale, naona Jumamosi inakuja, naona funguo za karakana zikitoka mkononi mwangu. Kisha gumba la kushoto likakubali. Hata hakuna aliyejua kwa nini.

Laini ikawekwa kwenye simu yangu, upande wa pili wa ile yangu. Ilipowaka tu, ujumbe wa miezi yote ukaanza kumwagika. "Fundi, friji linavuja tena." "Fundi mbona kimya?" "Fundi nimekutumia kianzio, umekiona?" Watu wasiojua kwamba wanamgombeza marehemu.

Nje ya ofisi hiyo kuna benchi la saruji chini ya kivuli cha ukuta. Tukakaa hapo. Nikaingiza namba, tarakimu za siri zikaja, nikaziandika, na mlango ukafunguka.

Nilitarajia nini? Nitasema bila aibu: mpira. Au mchezo wa kubahatisha. Kuna wakati nilitarajia mwanamke.

Ilikuwa picha ya daktari mwenye koti jeupe. Chini yake: "Zungumza na daktari wakati wowote. Wiki ya kwanza bure."

Na chini zaidi, maneno ya mume wangu.

"Daktari, nikinyanyua friji kifua kinabana. Nikikaa kinaachia. Ni uchovu?"

"Si uchovu. Nenda hospitali ukapimwe moyo. Usisubiri."

"Mke wangu ana kazi nyingi za mapazia msimu huu. Sitaki kumtia hofu. Nitakwenda mwisho wa mwezi."

"Tafadhali nenda leo."

"Sawa daktari. Ahsante. Hii bado ni bure?"

Nilisoma hilo swali la mwisho mara nyingi sana. Hii bado ni bure.

"Ni nini?" akauliza mama mkwe. Macho yake na maandishi ya simu hayapatani.

"Ni daktari, mama. Alikuwa anaongea na daktari."

"Kumbe alikuwa anaumwa."

"Alikuwa anaumwa, na alikuwa anajua."

Hakulia. Alinishika mkono akauweka mapajani mwake, akaanza kunipapasa kucha, kidole kwa kidole, huku anaangalia magari yanayopita.

Nikapatafuta mahali pa kusitisha. Wamepaficha kweli, lakini nilipaona, maandishi madogo ya kijivu. Nikabonyeza. Ikauliza: una uhakika? Nikajibu ndiyo. Ikaniambia nitapoteza mazungumzo yote. Una uhakika kabisa?

Mazungumzo yote. Sauti ya mwisho ya mume wangu. Nikasema ngoja, kwanza niyasome hadi mwisho, niagane naye. Nikarudi, nikashuka chini.

Nikashuka. Nikashuka tena.

Hayakuwa yanaisha.

Tarehe zilipita siku aliyoanguka. Zikapita siku tuliyozika. Zikaingia mwezi uliofuata, na uliofuata huo. Mtu alikuwa anaandika.

"Daktari, upo?"

"Nipo. Kifua kinaendeleaje? Ulipimwa?"

"Daktari, mimi siye yule. Yule alikuwa kaka yangu. Amefariki. Simu yake ninayo mimi, nimesoma mliyoongea. Na mimi kinanibana hivyohivyo."

Kumbe simu haikupotea; alichomoa laini ya marehemu akaweka yake.

Niliendelea kusoma. Daktari alimsihi. Akamweleza kwamba maradhi ya namna hii hutembea katika damu ya familia moja, asichelewe. Shemeji akajibu: "Nikilazwa, nani atamwambia mama? Udongo wa kaburi haujakauka. Ngoja kwanza yeye apate nguvu."

Na chini yake, tarehe ya mwezi huuhuu: "Nimebonyeza hii ya kuongea kwa sauti. Imeandikwa jaribu bure."

Ndiyo ile mara mbili ya kawaida. Mtu aliyeninyooshea kidole sebuleni kwangu, kuhusu pesa, ndiye aliyekuwa anazikata, na hajui. Anadhani ni bure. Kama kaka yake alivyodhani.

Nitawaambia jambo ambalo si zuri. Kwa dakika moja nilifurahi. Niliiona Jumamosi. Niliwaona wazee wa ukoo wamekaa, nami nainuka na simu hii mkononi, nawasomea. Nilimwona shemeji akiinamisha kichwa. Lo, nilionja utamu wake.

Kisha nikamtazama mwanamke aliyenishika mkono. Nitayasoma haya mbele ya nani? Mbele ya huyu?

Nikibonyeza kusitisha, namkatia shemeji kamba pekee anayoishikilia. Nisipobonyeza, ada ya mtihani wa binti yangu inaendelea kuchuruzika. Nikisema, nimemuua mama kwa maneno. Nikinyamaza, tutachimba tena. Nilikaa na kidole hewani, sijui niende mbele au nirudi.

Wakati nimekaa hivyo, ukurasa ukasogea wenyewe. Ujumbe mpya ukatokea mbele ya macho yangu.

"Daktari, nipo ghalani kazini. Leo mkono wa kushoto umekufa ganzi. Jasho linanitoka na nimekaa tu. Nijilaze kidogo?"

Nikasubiri daktari ajibu. Likatokea jibu la mashine: "Kwa sasa madaktari wetu wote wana wagonjwa. Tafadhali subiri. Umuhimu wako kwetu ni mkubwa."

Nikaandika mimi. "Shemeji, ni mimi mke wa kaka yako. Usilale. Ita mtu yeyote hapo, sasa hivi." Ujumbe ukaenda. Haukusomwa.

Nikampigia kwenye namba yake. Ikaita hadi ikakatika. Nikapiga tena. Ikaita hadi ikakatika.

"Mbona unahangaika na simu?" akauliza mama mkwe. "Umesoma nini hapo?"

"Mama, subiri kidogo."

"Nimesubiri miezi yote hii kusikia neno lake moja." Akaisogeza simu karibu na uso wake, akakunja macho, asione kitu, akanirudishia. "Nisomee, mwanangu. Mtoto wangu amesemaje?"

Alikuwa anamuuliza yule tuliyemzika. Hakujua kwamba anayesema ni huyu aliyebaki.

Nilifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, simu ikaita mkononi mwangu. Jina la shemeji likawaka kwenye kioo. Nikapokea haraka hata nikasahau kupunguza sauti.

Sauti haikuwa ya shemeji. Ilikuwa ya mwanamume nisiyemjua, anahema kama aliyetoka mbio, na nyuma yake watu wanapiga kelele wakisema mleteni huku, mshikeni kichwa.

"Haloo," akasema. "Wewe ni nani wa mwenye simu hii, huyu wa ghalani?"

Mama mkwe aliyasikia maneno hayo. Akauachia mkono wangu.